Mhariri anataka mswada "uliosafishwa". Nianzie wapi?

Ndugu washauri,

Nimemaliza kuandika riwaya yangu ya kwanza. Ina sura 22 na maneno kama 74,000. Inatokea Tanga mwaka 1984, mjini na kwenye mashamba ya mkonge. Nimezungumza na mhariri wa kujitegemea anayetoza kwa ukurasa. Amekubali kuipokea, ila ameniambia nimpelekee mswada "uliosafishwa", nisije nikamlipa kwa kazi ninayoweza kuifanya mwenyewe. Nikaona haya kumwuliza usafi wenyewe ni upi.

Tangu hapo kila nikiufungua mswada naanzia sura ya kwanza. Nabadilisha neno hapa, naongeza koma pale, kesho yake narudisha lilelile. Sura ya kwanza sasa naijua kwa moyo, sura ya 15 sijaigusa. Rafiki yangu aliyeisoma yote anasema hadithi inamvuta, lakini mara nyingi hajui ni nani anayesema au kutenda. Mwalimu mmoja wa Kiswahili naye alinisahihishia kurasa kumi kwa wino mwekundu, na karibu kila alama ilikuwa kugeuza "sio" kuwa "siyo" na "ndio" kuwa "ndiyo". Sijui nimsikilize nani. Isitoshe, naogopa mhariri atafuta lugha ya kwetu, maana bibi katika hadithi anasema Kimtang'ata.

Nianzie wapi, na niishie wapi? Naambatisha kurasa tatu za sura ya 9.

Mwenye Mswada, Tanga

JIBU

Ndugu Mwenye Mswada,

Hongera kwa kufika mwisho. Sasa acha kufungua sura ya kwanza. Anayeanzia mwanzo kila siku hung'arisha kurasa ishirini na kuchoka kabla ya kufika katikati, na katikati ndiko riwaya nyingi zinakolegea. Kujihariri kuna mpangilio: hadithi kwanza, kisha sura, kisha sentensi, tahajia mwisho kabisa. Ukimaliza jioni nzima ukinyoosha tahajia ya sura ya 15, halafu wiki ijayo ukaona sura hiyo haihitajiki, jioni hiyo imepotea.

Hifadhi nakala ya mswada ulivyo leo, ipe jina lenye tarehe, na usiiguse tena. Kisha uache mswada kwa wiki tatu au nne bila kuuchungulia. Anayeujua mswada wake kwa moyo husoma anachokumbuka badala ya kilichoandikwa, na dawa pekee ya hilo ni kusahau kidogo.

Ukirudi, soma mswada mzima kwa siku tatu au nne bila kusahihisha chochote. Kalamu iwe ya daftari tu. Katika daftari chora safu tano, na kila sura ipate mstari mmoja: mahali, siku na saa, nani wamo, mhusika mkuu wa sura anataka nini, na nini kimebadilika sura inapoisha. Safu ya tano ndiyo hakimu. Ukishindwa kuijaza, au ukijikuta unaandika "tunamfahamu zaidi fulani", sura hiyo haina tukio. Una njia tatu: iondoe, iunganishe na jirani yake, au itilie jambo linalomlazimisha mtu kuamua. Angalia pia sura mbili zinazofuatana zenye jibu lilelile katika safu ya tano. Mara nyingi mwandishi aliandika ya pili kwa sababu hakuiamini ya kwanza.

Tukiwa bado kwenye mambo makubwa: tazama aya ya mwisho ya kila sura. Waandishi wengi wa Kiswahili, kwa mazoea ya hadithi za shuleni, hufunga sura kwa methali au kwa funzo. Msomaji ameshaona kijana akiponzwa na tamaa. Haina haja msimulizi aje kumwambia kuwa tamaa mbele mauti nyuma. Futa aya hiyo kwa majaribio, usome sura inavyoishia bila yake. Mara nyingi hutairudisha. Methali kinywani mwa bibi ni jambo jingine, kwa kuwa bibi ana haki ya kuwa na methali.

Safu ya siku na saa ndiyo itakayokuumbua kwenye ukweli wa zama, na kurasa zako tatu zinaonyesha kwa nini. Umeandika kwamba familia ilipata habari ya kifo cha Waziri Mkuu Edward Sokoine "Jumamosi jioni" kupitia televisheni ya nyumbani, kisha shangazi akapanda basi la kwenda Pangani na kulipa nauli kwa noti ya shilingi 1,000, barabara ikifuka vumbi. Sokoine alifariki katika ajali ya gari Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni hadi miaka ya 1990. Habari kama hiyo nyumba ya Tanga ingeipata kwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Noti ya 1,000 haikuwapo, kubwa kuliko zote ilikuwa ya shilingi 100. Na katikati ya Aprili ni masika: kama unataka vumbi, ama hamisha tukio ama mpe msomaji sababu. Hayo ni makosa manne katika aya mbili, na hakuna hata moja ambalo kamusi ingeliona. Mhariri wa lugha naye halazimiki kuyaona. Huu ni mzigo wako wewe mwenye hadithi.

Kwa hiyo pitia safu hiyo ukiwa na kalenda ya 1984 mkononi. Hakiki siku za wiki, Ramadhani (mwaka ule iliangukia Juni), misimu ya mvua na ya pepo, bei, fedha na vyombo vya usafiri. Na uamue saa. Ukisema "saa mbili usiku", usije sura ya mbele ukaandika "saa 20:00 usiku". Saa ya Kiswahili inatosha, itumie kote.

Sasa tuje kwa rafiki yako, ambaye amekuambia jambo zito kuliko mwalimu. Viambishi vyetu havibagui mke na mume: a- na -m- ni vya kila mwenye uhai, hata paka. Watu wawili wakiwa chumbani mambo huenda. Akiingia wa tatu, sentensi iliyo sahihi kabisa kisarufi inaweza isieleweke. Hiki ni kipande chako:

"Selemani alimkuta Hamisi ukumbini akizungumza na baba yake. Alimsalimu, akamwambia kwamba amechoka kungoja na kwamba asipomweleza yeye atamweleza. Akanyamaza."

Baba ni wa nani? Nani alisalimiwa? Nani amechoka, na aliyenyamaza ni yupi kati ya watatu? Wewe unajua kwa sababu unawaona. Msomaji hawaoni. Jaribu hivi:

"Selemani alimkuta Hamisi ukumbini akizungumza na baba yake, Mzee Shomari. Aliwasalimu wote wawili, kisha akamgeukia Hamisi. 'Nimechoka kungoja. Usipomweleza mzee wako leo, nitamweleza mimi.' Mzee Shomari akanyamaza."

Tazama kilichofanyika. Baba amepewa jina. Usemi wa taarifa umegeuzwa kuwa usemi halisi, maana "kwamba a-... kwamba a-..." ndiyo mashine kubwa ya kuzalisha utata huu. Na kitendo cha mwisho kimerudishiwa mtendaji wake kwa jina. Sasa fanya kazi hii kwa utaratibu: pitia kila onyesho lenye watu watatu au zaidi, na chini ya kila kitenzi chenye a- andika kwa penseli jina la mtendaji. Pale unapositasita hata kwa sekunde moja, weka jina au cheo katika sentensi yenyewe. Pia mtendaji anapobadilika ndani ya aya, mtaje upya. Msemaji mpya apate aya yake mpya. Usiogope kurudia majina. Jina likirudiwa msomaji hukwazika kidogo sana kuliko anapolazimika kurudi nyuma aya mbili kumtafuta mtu. Kinachochosha ni kumwita mtu mmoja kwa majina manne, "Selemani", "kijana huyo", "mwana huyo wa Shomari", "barobaro", kwa kuogopa kurudia. (Na hapo Selemani si mwana wa Shomari, kwa hiyo kosa jingine limezaliwa.)

Ukimaliza hilo, ingia kwenye vitenzi. Kwanza mnyororo wa -ka-. "Aliamka, akanawa, akavaa, akanywa chai, akafunga mlango, akaenda kituoni." Sarufi haina kosa: -li- imeanza, -ka- zimefuata. Lakini vitendo sita vimepewa uzito sawa, na msomaji hajui akumbuke kipi. Bakiza vinavyobadilisha kitu, vingine ama vifute ama uvisukumie pembeni kwa -ki- au kwa "baada ya". Ukikuta -ka- nne mfululizo, simama uihoji ya pili na ya tatu.

Pili, vitenzi visivyobeba kitu: aliweza kumwona, alikuja kugundua, alijikuta akianza kulia, akiwa anapika. "Aliweza kumwona mama yake akiwa anapika" ni "Alimwona mama yake akipika." Bakiza "weza" pale tu ambapo uwezo wenyewe ndio habari, mfano mtu aliyekuwa kipofu. Mtindo huu umetoka kwenye hotuba na taarifa za habari, na ukishaingia kwenye riwaya unaijaza maji.

Tatu, marudio ya viunganishi. "Mtu ambaye aliyekuja" ina virejeshi viwili. Chagua "mtu ambaye alikuja" au "mtu aliyekuja". "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikwenda": kimoja kinatosha. "Ili kusudi", "rudia tena", "wote kwa pamoja" ni ndugu zao. Nne, upatanisho kwenye sentensi ndefu. Nomino ikiwa mbali na kitenzi chake, kiambishi huteleza: "vitabu vya zamani vya babu alivyoviacha kwenye sanduku la mkonge zimeliwa na mchwa." Dawa yake ni kuifupisha sentensi. Na viumbe hai wabaki hai: jogoo aliwika, kiboko yule, vijana wale.

Kusoma kwa sauti ndiko kutakakokuonyesha mengi ya haya. Jirekodi kwa simu ukisoma sura moja, kisha sikiliza ukiwa na mswada mbele. Pale ulipovuta pumzi katikati ya sentensi, pale ulimi ulipobadilisha neno ulilokuwa umeandika, weka alama. Ulimi mara nyingi ndio wenye neno sahihi. Kurasa 15 kwa siku zinatosha. Mswada wako, kwa fonti ya pointi 12 na nafasi mbili kati ya mistari, utakuwa na kurasa kama 270, kwa hiyo panga siku 18, si wikiendi mbili.

Baada ya hapo tu ndipo tahajia. Yapo makosa ya kutenganisha na kuunganisha: kwa sababu, kwa hiyo, na kadhalika, hata hivyo huandikwa mbalimbali, ijapokuwa, vilevile, ilhali ni neno moja, aliyekuja halikatwi kuwa "aliye kuja". Yapo ya sauti, na hapa sikio la nyumbani hudanganya: halafu na "alafu", huenda na "huwenda", kuua na "kuuwa", kununua na "kununuwa", ghafla na "gafla". Hatari zaidi ni jozi ambazo maneno yote mawili yapo katika kamusi: kula na kura, mahali na mahari, thamani na samani. Programu ya kukagua tahajia haitazigusa. Kinyume chake itakupigia mstari mwekundu chini ya vitenzi vizuri kabisa, kwa kuwa kitenzi cha Kiswahili kina maumbo mengi kuliko orodha yoyote. Itumie kama mlinzi wa zamu, si kama hakimu. Na uzime masahihisho ya moja kwa moja ya Kiingereza kabla hujaandika mstari mwingine.

Kutafuta neno kwa kompyuta ni msaada mkubwa ukijua umbo la lugha yetu. Tafuta mzizi, usitafute neno zima: ukiandika "weza ku" utapata aliweza, tuliweza na wakaweza kwa mkupuo mmoja. Lakini kitufe cha kubadilisha yote kwa pamoja usikiguse. Ukiamua mhusika Ali sasa aitwe Juma na ukabonyeza, kila "Alikuja" itakuwa "Jumakuja". Ukibadilisha "ila" kuwa "isipokuwa", basi "kila" inageuka "kisipokuwa" na "mila" inageuka "misipokuwa". Washa kisanduku cha kutafuta maneno kamili, na uidhinishe moja moja.

Tumrudie mwalimu wako, maana hapa hakuwa sahihi kila mahali. "Ndiyo" ya kukubali huandikwa hivyo. Lakini katikati ya sentensi umbo hili hufuata ngeli: nyumba hii ndiyo, kitabu hiki ndicho, mti huu ndio, watu hawa ndio, upendo ndio. Akigeuza "mti huu ndio uliokatwa" kuwa "ndiyo", ameharibu. "Sio" na "siyo" hufuata njia hiyohiyo, na mara nyingi "si" peke yake inatosha: "yeye si mwizi". Pitia wino wake alama kwa alama kwa kipimo hicho.

Kwa yanayobaki na ubishi, chagua kamusi moja, iwe Kamusi ya Kiswahili Sanifu au Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, na ushikamane nayo. Kisha andika karatasi ya maamuzi, ukurasa mmoja au miwili, itakayokwenda kwa mhariri pamoja na mswada. Ndani yake weka kamusi uliyoichagua, majina ya wahusika wote kwa tahajia yake, umri wao na udugu wao, majina ya mahali, jinsi unavyoandika tarehe na saa, na jinsi unavyoandika maneno kama alhamdulillahi na inshallah. Hapo ndipo Kimtang'ata cha bibi kinapopata ulinzi. Andika wazi kwamba mazungumzo ya bibi yasisanifishwe, na uorodheshe maneno na maumbo anayoyatumia, kila moja na maana yake kwa Kiswahili sanifu. Lakini uwe mwaminifu wewe mwenyewe: bibi akisema Kimtang'ata sura ya 3 na Kiswahili cha redioni sura ya 12, mhariri atadhani ulikosea, na atakuwa na sababu ya kudhani hivyo. Msimulizi naye aamue lugha yake na abaki nayo.

Kabla ya kutuma, tafuta wasomaji watatu, mmoja wao akiwa si mwandishi wala mwalimu. Usiwaulize kama wameipenda. Waulize walisimama wapi, waliruka kurasa zipi, walimchanganya nani na nani, na jambo gani hawakuliamini. Wawili wakitaja mahali pamoja, pana tatizo hapo, hata kama kila mmoja anapendekeza dawa tofauti. Dawa tafuta mwenyewe.

Umbo la faili halihitaji maneno mengi. Mswada mzima uwe faili moja la Word, si mafaili 22 wala PDF. Tumia karatasi ya A4, Times New Roman pointi 12, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo sentimita 2.5, na namba za kurasa. Sura mpya ianze kwa Ctrl+Enter, si kwa kubonyeza Enter mara kumi na tano, kwa sababu mhariri akifuta mstari mmoja juu kila kitu kitahama. Mwanzo wa aya uingizwe kwa mpangilio wa aya, si kwa kitufe cha nafasi. Usipambe: rangi, fonti za mapambo na picha za jalada si za hatua hii.

Umeuliza uishie wapi. Ishia pale ambapo unapitia sura nzima na mabadiliko yako yote ni ya kubadilisha neno sawa kwa neno sawa, kama hilo la kuondoa leo na kurudisha kesho. Ukifika hapo, kinachobaki kinahitaji jicho la mtu mwingine.

Ila kabla hujalipa, kubalianeni kwa maandishi ni uhariri gani unaoununua. Uhariri wa muundo na maudhui hugusa sura na wahusika, uhariri wa lugha hugusa sentensi, na kusoma prufu, yaani kusaka makosa madogo yaliyobaki, huja mwisho, kitabu kikiwa kimeshapangwa kurasa. Ni kazi tatu zenye bei tatu, na ugomvi mwingi kati ya mwandishi na mhariri hutokana na mmoja kudhani amenunua ya kwanza huku mwenzake akifanya ya tatu. Ulizia pia "ukurasa" wake una maneno mangapi, kwa sababu ukurasa wa maneno 250 na wa maneno 400 kwa mswada wa maneno 74,000 ni kurasa 296 dhidi ya 185. Kisha mwombe ahariri kurasa tano za majaribio, mabadiliko yote yakiwa yanaonekana, na uchague kurasa ambazo bibi anazungumza.